Kanoni Ni Mto wa Nani?

Mto Kanoni unashuka kutoka kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Bukoba, unapita katikati ya mji na kuingia Ziwa Victoria. Kiangazi ni mto wa kudharauliwa: maji ya rangi ya chai ya maziwa, chupa za plastiki zimenasa kwenye majani, mifuko imening'inia kwenye matawi kuonyesha maji ya masika yalifika wapi. Ukijaa, unaingia ndani ya nyumba za bondeni Bilele, na kesho yake magodoro yanaanikwa juu ya mabati. Sasa uliza swali dogo: mto huu ni wa nani? Maji yenyewe yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Mwanza. Kingo zake, mita 60 kila upande, zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo yenye kuisimamia. Makalavati ya barabara za mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Madaraja ya barabara kuu ni ya TANROADS. Mabomba ya maji ni ya BUWASA, mamlaka ya maji ya Bukoba. Taka zinazouziba ni za Halmashauri ya Manispaa. Mafuriko yakishatokea, kamati ya maafa inaongozwa na mkuu wa wilaya, ambaye ameteuliwa na Rais. Aliyelowa, yeye, anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, aliyempigia kura, na ambaye ofisi yake haina hata koleo.

Ninachotaka kukisema ni kimoja. Bukoba ina umaskini wake na ugomvi wake wa kisiasa, lakini chini ya yote hayo kuna kasoro moja: anayeulizwa hana uamuzi, na mwenye uamuzi haulizwi. Napendekeza Halmashauri ya Manispaa irudishiwe yale iliyonyang'anywa, barabara za mitaa na kodi ya majengo yakiwa ya mwanzo, na ianzie kwenye bonde la Kanoni. Pendekezo hili lina wapinzani wazuri, na ni haki wasikike kwa sauti zao. Wasemaji wawili wanaofuata hawana majina kwa kuwa ni sauti za hoja. Yeyote anayekaa kijiweni Bilele akinywa kahawa atazitambua.

MUUZAJI WA SOKONI: Sisi tunauza ndizi, dagaa, na msimu ukifika, senene. Asubuhi kijana wa ushuru anapita na mashine yake, inakoroma, inatoa kikaratasi, umelipa. Hatukatai. Kikaratasi chenyewe kinafifia kabla ya jioni, wino unakwisha kabisa, unabaki na karatasi nyeupe. Basi na majibu ya viongozi wetu ni hivyo hivyo. Meya ukimwuliza barabara, anasema ni ya TARURA. Diwani ukimwuliza mtaro, anasema fungu halijaja. Mbunge ukimwuliza, anasema alishauliza bungeni. Waitu, mtu asiyejua ofisi amwendee nani? Kila mwenye cheo anatuelekeza mlango wa jirani. Kwa hiyo ninyi wenye kuandika mkituambia halmashauri iongezewe madaraka, sisi tunasikia milango imeongezeka. Bora aletwe mtu mmoja mkali, avunje cha kuvunjwa, ajenge cha kujengwa, tumalizane.

MSTAAFU: Mama amesema sawa, na mimi nitamwongezea sababu. Mwandishi wetu anazungumza kana kwamba halmashauri haijawahi kupewa nafasi. Ilipewa. Kabla ya 2017 barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa madiwani, na tuliokuwa maofisini tunajua kilichotokea: fungu likija, linakatwa kama nyama ya sherehe, kila kata kipande, mwisho wa mwaka hakuna kata yenye barabara. Soko walipewa walijenge, viwanja walipewa wavipime. Matokeo yake ni ule ugomvi wa meya na mbunge ulioulaza mji huu miaka miwili. Watu wa Bukoba ni wasomi, ni wajuaji, na kila mjuaji anataka kuongoza. Mji wa namna hiyo unahitaji mkurugenzi aliyeteuliwa, asiye na shemeji hapa, ambaye akikosea anaondolewa kwa simu moja. Mwaka 2016 tulishuhudia wenyewe.

MWANDISHI: Mzee ameanza na kidonda, na mimi nitaanzia hapo hapo. Mwaka 2012 na 2013 Bukoba ilipasuka. Upande mmoja alikuwapo meya, Anatory Amani. Upande wa pili mbunge, Khamis Kagasheki, aliyekuwa pia waziri. Wote wawili walikuwa CCM, kwa hiyo ule wepesi wa kusema ni vyama vingi vinavyoharibu miji hauingii hapa. Kilichogombewa ni miradi: ujenzi mpya wa soko kuu, upimaji wa viwanja kwa fedha za mkopo, na namna miradi hiyo ilivyoingiwa. Baadhi ya madiwani wa CCM walisimama na wenzao wa upinzani wakataka meya aondoke. Agosti 2013 chama ngazi ya mkoa kiliwavua uanachama madiwani wanane. Ngazi ya taifa ikautengua uamuzi huo. Serikali ikamtuma Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kufanya ukaguzi maalumu, na ripoti ilipotolewa Januari 2014 meya akatangaza kuachia ngazi. Kisa hiki husimuliwa kama aibu ya mji, ushahidi kwamba madiwani hawafai kupewa kitu. Naomba kisomwe tena, polepole. Nani aliona kwamba kuna maswali? Madiwani. Nani alikuwa tayari kupoteza kadi ya chama kwa kuyauliza? Madiwani hao hao, watu wanaosalimiana na wapiga kura wao njiani wakienda sokoni. Mkaguzi wa kutoka Dar es Salaam alikuja kwa sababu mlango uligongwa kutoka ndani. Kama soko na viwanja vingekuwa mradi wa wakala fulani wa serikali kuu, mkataba wake ungekaa kwenye kabati la ofisi isiyo na diwani, na huenda tusingekuwa na cha kugombania leo kwa sababu tusingejua.

Gharama ilikuwapo na ilikuwa kubwa. Miradi ilisimama, na wauzaji ndio waliolipa kwa kuendelea kukaa kwenye tope. Lakini tofautisha gharama ya ugomvi na chanzo chake. Hesabu za miradi zilifungwa ndani ya vikao, zikatoka nje kwa mafungu, kila upande ukitoa lile linaloufaa. Mji uliogawanyika juu ya soko haukuwa umepewa nafasi ya kuisoma mikataba ya soko. Kwa hiyo funzo ninalolichukua mimi ni kuzifungua hesabu, wakati mzee anachukua la kuuondoa uamuzi mikononi mwa watu waliothubutu kuuliza.

Tena wapiga kura wa Bukoba Mjini si watu wa kuachia mambo yapite. Mwaka 2000 walimpeleka bungeni Wilfred Lwakatare kwa tiketi ya CUF. Mwaka 2005 wakamwondoa, wakamweka Kagasheki wa CCM. Mwaka 2015, baada ya sakata hilo la meya, wakamrudisha Lwakatare, safari hii kupitia Chadema, na halmashauri nayo ikaenda upinzani. Mwaka 2020, katika uchaguzi ambao upinzani uliulalamikia nchi nzima, kiti kikarudi CCM kwa Stephen Byabato. Ni miji michache Tanzania iliyobadilisha mkono mara nyingi hivyo. Na tabia hii ina mizizi: mwaka 1937 wakulima wa Buhaya waliwagomea wakoloni juu ya kanuni za kutunza mibuni. Mzee anawaita wajuaji. Sawa, wajuaji. Ila adhabu ya kura ina maana pale tu anayeadhibiwa alipokuwa na uwezo wa kufanya jambo. Halmashauri ya 2015 ilichaguliwa kwa hasira na matumaini. Mwaka uliofuata Bunge likapeleka ukusanyaji wa kodi ya majengo TRA, na 2017 TARURA ikazichukua barabara. Mkurugenzi, anayeshika kalamu ya malipo, alikuwa wa kuteuliwa tangu zamani. Wapiga kura walibadilisha madereva wa gari ambalo usukani wake ulikuwa unafunguliwa bolti.

MSTAAFU: Na hilo la 2016 unalirukia? Tetemeko lilipotupiga, Rais aliwaondoa wawili siku moja. Madiwani wako walihitaji miaka miwili kumwondoa mmoja.

MWANDISHI: Silirukii. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitikisa Kagera. Watu 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Michango ikaja kutoka kila pembe. Kabla mwezi haujaisha, katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa walivuliwa vyeo kwa tuhuma za kufungua akaunti ya benki yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Kilichofuata kilikuwa cha mahakama, sina la kusema juu yake. Ninaloliona ni hili: wote wawili walikuwa wateule, wasio na shemeji hapa, yaani ndio hasa anaowasifu mzee. Na mwenye kuwaondoa alikuwa mteuzi. Ni kweli ilikuwa haraka. Ila mwezi Januari 2017, Rais Magufuli alipokuja Kagera na kusema wazi kwamba serikali haitawajengea watu nyumba, swali la michango ilikwenda wapi lilibaki kwa wananchi, na hapakuwa na ofisi ya mji yenye wajibu wa kuwasomea hesabu hiyo. Simu moja huondoa mtu. Daftari hubaki limefungwa.

Kwa wanaodhani mgawanyo huu wa mteule na mchaguliwa ni jambo la kupatana tu kwa adabu, Kampala iko karibu, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Tangu sheria ya Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) ilipoanza kazi mwaka 2011, jiji lile limekuwa na meya mkuu aliyechaguliwa na wananchi, wa kwanza akiwa Erias Lukwago, na mkurugenzi mtendaji aliyeteuliwa na Rais, wa kwanza akiwa Jennifer Musisi. Novemba 2013, mwaka ule ule Bukoba ilipokuwa ikitafunana, madiwani wa Kampala walipiga kura ya kumwondoa Lukwago, kesi zikafuata, na wapiga kura wakamrudisha. Barabara zilijengwa, hilo nalo lisemwe. Mteule alikuwa na mamlaka bila kura, mchaguliwa alikuwa na kura bila mamlaka, na kila mmoja alikuwa na sababu njema ya kumlaumu mwenzake. Sisi tunao mfumo huo huo, ila meya wetu hata kura ya wananchi hana. Anachaguliwa na madiwani. Kenya walikwenda njia nyingine. Katiba ya 2010 inazigawia kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Kisumu, mji wa ziwa letu hili hili, upo chini ya gavana wa kupigiwa kura. Kisumu ina taka zake, ina madeni yake, na fedha kutoka Nairobi huchelewa. Lakini mtu wa Kisumu anajua jina la kulilaumu.

MUUZAJI WA SOKONI: Mwandishi, mbona unakwenda Kisumu na sisi tuko hapa? Hela. Hii halmashauri unayotaka kuipa mto, itautunza kwa hela gani?

MWANDISHI: Swali hilo ndilo lilipaswa kuja kwanza. Nunua umeme wa LUKU kwa simu. Ujumbe unarudi na tarakimu 20 za tokeni, na chini yake mistari ya makato: VAT, EWURA, REA, na mara moja kwa mwezi mstari mwingine, kodi ya majengo. Nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi, Sh18,000 kwa mwaka. Ya ghorofa ni Sh7,500 kwa kila sakafu. Utaratibu huu ulianza mwaka 2021, kwa viwango vya Sh1,000 na Sh5,000 wakati huo. Usome ujumbe ule kutoka juu hadi chini: hakuna mahali palipoandikwa Bukoba. Kodi ya majengo katika nchi nyingi ni kodi ya mji. Mantiki yake mtoto anaielewa: mtaro ukizibuliwa, nyumba iliyo kando yake inapanda thamani, na mwenye nyumba anarudisha kidogo kwa aliyezibua. Kwetu shilingi hiyo inapanda hadi mfuko mkuu wa serikali kwanza, na kinachorudi kinarudi kwa kadiri itakavyoamuliwa Dodoma. Aliyezibua na aliyelipa hawakutani tena. Na kuna jambo ambalo wapangaji wa kata za Kashai na Hamugembe wanalijua kuliko mawaziri: anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mpangaji analipa kodi ya nyumba isiyo yake, kisha anaambiwa yeye mpita njia, mji una wenyewe.

MSTAAFU: Wenyewe wako wapi? Hapo ndipo ninapokushika. Mhaya mwenye fedha hajengi Bukoba. Anajenga kwenye kibanja cha baba yake, kijijini, na atazikwa huko huko. Mjini anaacha vyumba vya kupangisha. Krismasi unamwona na gari lake, Januari yuko Dar es Salaam. Mji wenyewe ni mdogo. Utakusanya kodi kwa nani?

MWANDISHI: Udogo wa mji ni hoja nzito kuliko zote, na takwimu ziko upande wa mzee. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 128,796 ndani ya Manispaa ya Bukoba. Ya 2022 iliwakuta 144,938. Ongezeko ni kama asilimia 12 na nusu kwa miaka kumi. Mkoa wa Kagera kwa muda huo umetoka watu 2,458,023 hadi 2,989,299, karibu asilimia 22, na taifa zima asilimia 37. Kwa hiyo huu unaoitwa mji unaokua unakua polepole kuliko mashamba yanayouzunguka. Wako watakaosema, basi hakuna tatizo la ukuaji. Lakini sensa inahesabu waliolala, na mji unatumiwa na walioamka. Ndizi zinazoshushwa sokoni zinatoka Muleba, Missenyi na Karagwe; wagonjwa wanaojaza hospitali ya mkoa, wanafunzi, abiria wa meli ya Mwanza, wote wanatembea juu ya makalavati yale yale na kutupa chupa kwenye Kanoni ule ule, kisha jioni wanavuka mpaka wa manispaa kurudi walikohesabiwa. Mji unabeba mzigo wa mkoa kwa mgao wa kata 14. Huo ndio ukuaji ambao haumo kwenye daftari, na ni ukuaji mgumu kuuongoza, kwa sababu wanaouleta hawampigii kura diwani yeyote wa Bilele.

Tupige hesabu basi, tena kwa unyenyekevu. Chukua nyumba 20,000 kwa mfano tu, kila moja Sh18,000. Ni Sh milioni 360 kwa mwaka. Fedha hiyo haijengi stendi wala haijengi soko. Haiwezi kusimama karibu na mradi wa TACTIC, ambao kwa mkopo wa Benki ya Dunia unahusu miji 45 nchini, Bukoba ikiwa mmojawapo. Sidai kwamba kodi ya majengo itautajirisha mji. Milioni 360 zinalipa vijana wa kuzibua mitaro mwaka mzima badala ya kungoja siku ya usafi. Zinanunua mawe ya kingo, mita chache kila kiangazi. Zaidi ya hayo zinamfanya mpangaji wa Hamugembe awe na haki ya kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema hela yangu iko wapi, akajibiwa na mtu aliyepo pale. Mradi mkubwa unakuja na mkandarasi, bango na tarehe ya kukabidhi. Mkandarasi akiondoka, mtaro unaanza kujaa mchanga siku hiyo hiyo, na mkopo hauna kifungu cha koleo.

Kuhusu kibanja, mzee amesema kweli tupu, na ni kweli inayouma. Fedha za kahawa zilisomesha watoto na kujenga nyumba za vijijini ambazo wageni hushangaa kuziona katikati ya migomba. Mji aliouanzisha Emin Pasha mwaka 1890 kama kituo cha Wajerumani haukuwa mahali pa moyo. Ila huwezi kumlaumu mtu kwa kutokuwekeza kwenye mji ambao, hata akitaka, hana pa kuuliza shilingi yake ilikwenda wapi.

Na tusijifanye kama tunabuni jambo jipya. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchi nzima, kwa jina zuri la Madaraka Mikoani. Maofisa kutoka makao makuu wakapewa miji, na mipango ya vijijini ikapewa kipaumbele. Miji ikachakaa. Mitaro ikaziba, taka zikakaa, maji yakaharibika, na kipindupindu cha miaka ile ya mwisho wa sabini kikaonyesha kwamba choo na mtaro haviendeshwi kwa waraka. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, sheria kamili zikafuata 1982, na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta serikali za mitaa, pamoja na vyama vya ushirika, lilikuwa kosa. Buhaya ilipoteza vyote viwili, halmashauri na ushirika wa kahawa, kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza ushahidi kutoka nje. Kinachofanyika sasa ni kufuta kidogo kidogo: leo kodi, kesho barabara, keshokutwa maji, na jengo la manispaa linabaki na bendera yake.

MSTAAFU: Hujajibu la wahandisi. Nyama ya sherehe.

MWANDISHI: Hapo nakubali sehemu. Kukata fungu la barabara kwa kata ni ujinga ambao madiwani waliufanya, na mhandisi wa TARURA anayepanga barabara nzima kutoka mwanzo hadi mwisho anafanya vizuri zaidi. Sitaki diwani achore kalavati. Ninachotaka ni kwamba mhandisi anayechora, mezani kwake pakiwa na madai ya kata 14, awajibike kwa baraza la mji kuhusu lipi lianze na kwa nini. Leo baraza linaweza kumwita na kumsikiliza, lakini haliwezi kumwajiri wala kumwondoa. Tazama Kanoni tena. Kalavati likiwekwa dogo juu, maji yanatapika pale. Likiwekwa kubwa juu na daraja la chini likaachwa jembamba, mafuriko yanahamishiwa Bilele kwa gharama ya serikali. Na ziwa nalo likipanda, kama Mei 2020 lilipofika kimo ambacho halikukifikia tangu 1964, mto unakosa pa kumwaga na maji yanarudi nyuma kwenye makazi. Bonde ni kitu kimoja. Taasisi sita zinaweza kulitunza kila moja kwa ustadi wake, na bado likafurika katikati yao.

Mtu atasema, na kwa haki, kwamba uokoaji ni jambo la taifa, miji haiwezi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Walikufa 19. Waliofika mwanzo kabisa walikuwa wavuvi, na jina la Majaliwa Jackson likajulikana nchi nzima. Zimamoto na uokoaji ni jeshi lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Uwanja wa ndege uko chini ya mamlaka ya taifa. Wavuvi hawako chini ya yeyote, walikuwa karibu tu. Ujasiri wao ulisifiwa, naye Majaliwa akapewa kazi kwenye jeshi hilo, jambo jema. Lakini mji unaokaa ukingoni mwa ziwa, wenye kumbukumbu ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996, ulipaswa kuwa na boti, kamba na orodha ya wavuvi wa kuitwa, hata kama ndege na meli si zake. Haukuwa na wajibu huo kisheria, basi hakuna aliyeweza kulaumiwa kwa kutouandaa. Ukaribu ndio uliookoa watu siku ile, na ukaribu ndio ambao sheria zetu zinauogopa.

MUUZAJI WA SOKONI: Mimi nimewasikiliza. Sasa niulize la kwangu, maana naona mmeanza kuelewana. Umesema mita 60 kila upande wa mto. Bilele ukipima mita 60 kutoka Kanoni, unapita ndani ya nyumba za watu, unapita ndani ya maduka, unapita vitandani. Huyo diwani mkimpa mto na mkimpa hela, jambo la kwanza si atakuja kutubomolea?

MWANDISHI: Baadhi ya nyumba zitabomolewa. Sitakudanganya, mama. Sheria ya 2004 ikitekelezwa kwa rula, kipande kikubwa cha katikati ya mji kinaondoka, na ndiyo maana haitekelezwi: taasisi iliyo mbali haitaki lawama, na iliyo karibu haina mamlaka. Matokeo yake ni mabaya kwa pande zote mbili. Nyumba zinabaki bondeni, zinaendelea kupangishwa kwa watu wasiojua historia ya maji, na mwenye nyumba hajui kama mwaka kesho atakuta alama ya X nyekundu ukutani. Baraza la mji lenye bonde zima mikononi litalazimika kuchagua: mita ngapi hapa, ngapi pale, nani aondoke kwanza, alipwe nini na ahamie kiwanja kipi, ukuta wa mawe ujengwe wapi ili nyumba fulani zipone. Linaweza kukosea. Linaweza kumpendelea mwenye duka kubwa. Lakini atakayelisimamia atakuwa na kata, na kata ina wapiga kura, na wewe ni mmoja wao.

MSTAAFU: Na akipendelea?

MWANDISHI: Mtamfanya mlivyowafanya wale mliowaondoa 2015.

MUUZAJI WA SOKONI: Miaka mitano ni mingi kwa mtu aliyebomolewa. Basi mimi naomba moja tu kwenye huo mpango wenu. Huyo atakayekuja kuandika X, asije usiku na kopo la rangi kama mwizi. Aje mchana, na jina lake, tukiwa tumekaa barazani.